Muhtasari wa Kikao Kilichopita

Blanketi la tatu ndilo lililomshinda. Mawili ya kwanza alikuwa ameyakanyaga vizuri ndani ya beseni, sketi kaikunja mpaka magotini, povu likipita katikati ya vidole vya miguu. Hili lilikuwa la manyoya, zito hata likiwa kavu, na maji ya kulisuuzia yalikuwa chini. Ngazi arobaini na mbili kushuka, arobaini na mbili kupanda, ndoo mkononi. Jikoni kwa mwenye nyumba kulikuwa na bomba, lakini bomba la jikoni lilikuwa la jikoni. Hilo alishaambiwa siku ya kwanza, na kwa ustaarabu kabisa.

"Katibu," mwenye nyumba aliita kutoka sebuleni, "hilo la manyoya usilisokote. Litaharibika."

"Sawa, mama."

"Na usilianike upande wa barabarani. Watu hawana haja ya kujua tunajifunika nini."

"Sawa, mama."

Mama huyo alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, tena kwa kukadiria vibaya. Hakujua hata kidogo jina hilo la Katibu lilitoka wapi. Alilikuta tu, kama kila mtu. Umoja wa Wafuaji ulikuwa umekufa miaka kumi na minne iliyopita, siku zilipovunjwa zile sinki kumi na mbili za saruji ambako wanawake wa mtaa walikuwa wakifulia nguo za watu. Mwenyekiti alirudi kuwa Shangazi, mweka hazina alifariki, wajumbe wakatawanyika kila mmoja na beseni lake kichwani kwenda kugonga milango. Katibu peke yake ndiye aliyebaki na cheo chake. Kila alipoitwa hivyo aliona aibu ya mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akiitika.

Alikuwa amefika ngazi ya thelathini, ndoo imejaa, aliposikia viatu vya binti yake nyuma yake. Aliijua miguu ile hata usingizini. Mmoja ulitua sawasawa, wa pili ulichelewa kidogo, kwa sababu chini ya goti la kushoto kulikuwa na kovu refu la upasuaji wa utotoni. Binti sasa alikuwa na miaka ishirini na akifundisha chekechea. Alikuwa anahema, na anacheka.

"Mama, wamekubali."

"Nani?"

"Ofisini. Umoja unafufuka." Binti aliipokea ndoo bila kuomba ruhusa. "Nilikwenda kuulizia kuandikisha chama kipya, wakaniambia hakuna haja. Kile cha zamani hakijafutwa, kimelala tu. Tukikiamsha, tunapewa eneo pale kwenye tangi jipya. Mabomba manne, mama. Na sinki wanajenga wao."

Katibu hakuuliza kuhusu mabomba. Alikuwa ameshakaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu.

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Utaratibu wa kawaida. Wanachama wa zamani wakutane, wasomewe muhtasari wa kikao kilichopita, wauthibitishe, wachague viongozi, kwisha. Yaani kinachohitajika ni lile daftari tu."

"Lililiwa na panya."

"Mama." Binti alisimama. "Juzi nilikuwa natafuta sindano kwenye sanduku, nimeliona. Zima kabisa. Umelifunga na nailoni mbili."

Mtu akikamatwa na uongo mdogo na mwanawe mwenyewe, kwenye ngazi za watu, hana pa kuelekeza macho. Katibu aliangalia ndoo.

"Unaogopa watakuchagua tena?" binti alimtania. "Watakuchagua, hilo halina ubishi. Hakuna mwingine mwenye mwandiko. Hebu fikiria, bibi atafua amekaa. Nyonga ile, na ngazi kama hizi."

Bibi aliyemtaja ni Shangazi, dada wa baba yake Katibu, mwenyekiti wa zamani, mwenye miaka sabini na kitu. Alikuwa bado anakwenda nyumba kwa nyumba, na ngazi alizipanda kwa kukaa, moja baada ya nyingine, akilivuta beseni nyuma yake.

"Nitalitafuta," Katibu alisema.

*

Kesho yake, kabla ya kwenda kufua, alipitia ofisini. Ofisi haikuwa imebadilika ila rangi. Afisa wa mtaa naye alikuwa yule yule, tumbo limeongezeka kidogo, kalamu mbili mfukoni. Wafuaji walimwita Bwana Utaratibu, jina alilopewa na mwenzao mmoja mwenye mdomo ambaye wao kwa wao walimwita Redio. Usoni kwake aliitwa mheshimiwa. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Watu walitoka kwake wamenyimwa kila walichofuata, wakajikuta wanasifia upole wake.

"Karibu, Katibu. Siku nyingi. Kaa."

Kiti cha wageni kilikuwa kimoja, na juu yake palikuwa na mafaili. Hakuyaondoa. Katibu akabaki amesimama.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya mkutano. Nilikuwa naomba, hivi hatuwezi kuanza upya tu? Tusisome mambo ya zamani. Wengine wameshafariki."

"Mtaanzaje upya, na chama kina faili?" Alilipapasa faili lenyewe, tayari liko mezani. "Kikao hufunguliwa, husomwa muhtasari wa kikao kilichopita, huthibitishwa, ndipo tunakuja kwenye yatokanayo. Utaratibu huo sikuuleta mimi. Nimeukuta."

"Muhtasari ule, mheshimiwa, unaujua ulivyoandikwa."

"Najua ulivyoandikwa vizuri. Makarani vijana nawaonyesha mpaka leo. Nawaambia tazameni, huyu ni darasa la saba tu." Alimtazama kwa huruma, au kwa kitu kilichovaa nguo za huruma. "Una kasoro moja. Haujathibitishwa. Muhtasari usiothibitishwa ni karatasi tu. Watu wa ardhi wamenirudishia faili mara mbili. Shemeji yangu anahangaika bure na ule uwanja wake wa malori."

Basi ndipo alipoelewa. Pale palipokuwa na sinki sasa palikuwa na ukuta na geti, na ndani yake malori ya shemeji. Hati ndiyo haikuwa imetoka. Mabomba manne kwenye tangi jipya hayakuwa yameletwa na huruma ya mtu kwa nyonga ya Shangazi.

"Wakithibitisha Jumamosi," Bwana Utaratibu alisema, "Jumatatu nasaini mabomba. Wasipothibitisha, mimi nitasaini nini?" Akafungua droo, akafunga. "Mtoto hajambo? Nilimwona alipokuja hapa. Anatembea vizuri. Nilifurahi sana. Nikajiambia, basi saini yangu ile haikupotea bure."

"Ahsante, mheshimiwa," Katibu alisema.

Alifika nje, akavuka barabara, akatembea mpaka kona ya pili, ndipo neno hilo lilipomrudia. Alikuwa amemshukuru. Mdomo wake ulikuwa umetangulia wenyewe, kwa mazoea.

Saini hiyo ilikuwa ya barua ya msamaha wa matibabu. Binti alikuwa na miaka sita, mfupa wa mguu umeingia usaha, na hospitali ilikuwa imesema mguu upasuliwe mapema au ukatwe baadaye. Wasiojiweza walipasuliwa bila malipo, mradi walete barua ya afisa wa mtaa inayothibitisha kwamba kweli hawajiwezi. Kwa siku tano Katibu alimbeba mtoto mgongoni, akakaa naye kwenye benchi la korido ya ofisi, akaambiwa kesho. Kwamba hajiwezi ilionekana kwa macho. Lakini barua ndiyo iliyotakiwa, na kalamu ilikuwa ya mtu mmoja.

Siku ya sita akaingizwa ndani, akapewa kiti. "Kuna kikao chenu kimoja nataka unisaidie kukiandika," afisa alisema. "Kilifanyika juzi." Hakikuwa kimefanyika. Alikaa akaandika muhtasari, afisa akitaja, yeye akiandika: wajumbe wa Umoja, kwa kauli moja, wameridhia kuliachia eneo la sinki.

Na kama angeishia kuandika alichotajiwa, pengine aibu ingekuwa na kipimo. Lakini afisa hakujua kuandika muhtasari. Alichanganya ajenda, akasahau yatokanayo. Katibu akamrekebisha. Alijipata anapanga sentensi, anatafuta neno zuri. Maelezo ya mwenyekiti yalipoonekana makavu, ni yeye, si afisa, aliyetia maneno ya Shangazi yanayojulikana mtaa mzima, ambayo Shangazi huanzia kila hoja: "Mimi sina kisomo, lakini macho ninayo." Afisa alisoma akacheka kwa furaha. "Hapa umemleta mwenyewe," alimwambia. Na Katibu, Mungu amsamehe, mtoto wake akiungua homa nyuma ya mlango, aliona fahari kidogo.

Zikabaki alama za wajumbe wasiojua kusaini. Walikuwa kumi na wanne, na yeye vidole alikuwa navyo kumi. Alivitumia vyote, akivigeuza upande huu na ule. Kisha akachukua daftari na kidau cha wino, akatoka nje hadi kwenye benchi, akaushika mkono wa mwanawe aliyekuwa amelala kwa homa. Vidole vinne. Mtoto hakuamka. Saa hiyo hiyo barua ikasainiwa.

Baada ya wiki mbili likaja tingatinga. Shangazi alikaa juu ya sinki ya kwanza akasema atavunjwa nayo. Askari watatu walimteremsha kwa kumvuta miguu, na nyonga ikapata kilema chake. Tangu hapo hakumwamkia Bwana Utaratibu wala kuitikia salamu yake. Msibani, arusini, kwenye foleni ya maji, alisema bila kushusha sauti: "Yule mtu alituibia mchana, na hakuna aliyemkubalia." Jioni Katibu alimkanda ile nyonga kwa maji ya moto, akaitika, ndiyo shangazi. Miaka kumi na minne ya ndiyo shangazi.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Shangazi kumwambia. Alikuwa ameshaamua. Alikuwa amepanga mpaka neno la kuanzia, na njia nzima alilirudiarudia.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, nguo yake ya kutokea imenyooshwa, miguu ndani ya beseni. Mikono alikuwa ameipaka mafuta ili nyufa za sabuni zisionekane.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Katibu wangu. Umelileta?"

"Ninalo." Daftari lilikuwa kwapani. "Shangazi, kuhusu daftari hili, kuna jambo."

"Jambo nalijua." Shangazi alimkatiza, na uso wake ulikuwa wa msichana aliyeambiwa mchumba amefika. "Unadhani nakwenda kwa sababu ya bomba? Bomba nalitaka, sikatai. Lakini mimi nakwenda kusikia. Leo yule mtu atasomewa mbele ya watu, kutoka kwenye kitabu, kwamba sisi hatukukubali."

"Shangazi."

"Wewe uliandika kila kitu. Wenzio walisinzia, wewe unaandika. Mimi sina kisomo, lakini macho ninayo. Nilikuwa naona kalamu yako haisimami. Neno langu hukuwahi kuliacha hata moja." Alinyoosha mkono. "Hebu nifutie miguu, tusichelewe."

Katibu alipiga magoti akamfuta miguu, kidole kimoja kimoja. Lile neno la kuanzia alikuwa amelisahau, na hata angelikumbuka lisingetoka.

*

Kikao kilifanyika darasani kwa binti. Chekechea walikuwa na mabenchi yao ya kimo chao, kwa hiyo wanawake ishirini na mmoja, wengi wao wakiwa na wajukuu, walikaa magoti yakikaribia kidevu, ukutani wametundikiwa picha za kuku na namba. Walikuwa wamevaa vizuri. Walichekana namna ya kukaa, wakaulizana nani atamwinua nani. Ilikuwa miaka mingi hawajakaa pamoja kwa jambo lisilokuwa maiti.

Bwana Utaratibu alipewa meza ya mwalimu. Aliamkiwa na kila mtu isipokuwa Shangazi, aliyekaa benchi la mbele na kumpa bega. Aliomba mlango ufungwe, akafungua kikao, akamwambia Katibu asome. Mbele yake alikuwa na nakala ya muhtasari, na kalamu ameielekeza kwenye mstari wa kwanza.

Katibu alisimama. Aliisoma tarehe. Aliyasoma majina, na kila jina lilipotajwa mwenyewe alijiweka sawa, maana si kila siku mtu wa beseni husikia jina lake likisomwa kwenye kikao cha serikali. Walipotajwa waliofariki, watu waliguna taratibu. Alisoma kufunguliwa kwa kikao, akasoma yatokanayo. Alifika ajenda ya tatu, akasimama. Alifikiria kuruka. Ile kalamu ilikuwa imesimama pia, inamngoja.

Akasoma.

"'Ajenda ya tatu, eneo la kufulia. Mwenyekiti alisema: mimi sina kisomo, lakini macho ninayo, na naona hapa hatuna maisha. Akaomba wajumbe waiachie ofisi eneo hilo. Wajumbe wote kwa kauli moja waliridhia kuondoka bila madai yoyote, wakaishukuru ofisi kwa ushirikiano.'"

Kisha Redio, aliyekaa chini ya picha ya jogoo, akainua mkono.

"Samahani. Mimi hapo nimesomwa nilikuwepo. Mbona nilikuwa msibani? Nilikwenda kumzika baba nikakaa wiki tatu."

"Pole sana, mama," Bwana Utaratibu alisema. "Mzee alifariki tarehe ngapi?"

"Tarehe sikumbuki. Ilikuwa kipindi cha mvua."

"Mwaka gani?"

Redio alifikiri. "Mwaka huo huo wa kuvunjiwa."

"Kwa hiyo huna uhakika." Alilichukua daftari mikononi mwa Katibu, akaligeuza, akamwekea kidole kwenye jina lake. "Na hili dole ni la nani?"

Redio aliinuka kwa shida, akaja akaliinamia. "Mbona kadogo hivi?"

"Ulikuwa mwembamba wakati ule," mmoja alimwambia, na darasa zima likacheka, Redio mwenyewe akiwemo. Katibu alijilazimisha asigeuke kumtazama binti yake, aliyesimama mlangoni.

"Mimi siulizi ya zamani," alisema mwanamke mmoja wa nyuma. "Ya zamani yameshapita. Tuthibitishe tupate bomba, mgongo wangu haujui muhtasari."

Baadhi waliitikia. Wengine walikuwa wanatazamana. Walikuwemo waliojua, hilo Katibu aliliona machoni mwao. Walijua hawakuketi siku ile, wala hawakusema maneno yale. Lakini kila mmoja alikuwa na ngazi zake za kupanda Jumatatu.

"Naomba kuuliza," binti alisema.

"Wewe bado si mwanachama, binti," Bwana Utaratibu alimwambia. "Yakishathibitishwa utaomba kujiunga."

"Simuulizi mwenyekiti wa kikao. Namuuliza mama." Aliacha mlango akaja mpaka katikati, na hatua za mguu ule unaochelewa zilisikika. "Mama, kikao hiki kilifanyika?"

Bwana Utaratibu aliweka kalamu chini. Hakuonyesha kukasirika.

"Ni swali zuri. Kama kuna anayesema hakikufanyika, aseme sasa. Tutaita polisi, walichukue daftari, na aliyeandika aeleze aliandika kwa nini, na alipata nini. Chama nitakifuta leo hii, maana kitakuwa kimesimama juu ya uongo. Sina kinyongo na mtu. Katibu, umeulizwa."

Alipata nini. Alichopata kilikuwa kimesimama mbele yake, kina miaka ishirini, kina miguu miwili. Angesema kweli, binti angeubeba ule mguu maisha yake yote kama kitu kilichonunuliwa kwa nyonga ya bibi yake. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Huenda ilikuwa kweli. Huenda pia aliogopa tu, kama watu wote wanavyoogopa, kuonekana alivyo mbele ya wanawake ishirini na mmoja.

"Kilifanyika," alisema.

Binti alimtazama. Alirudi mlangoni, akaushika mlango, na kuanzia hapo alikuwa akiangalia nje.

"Nani anathibitisha?" Bwana Utaratibu aliuliza.

Yule wa nyuma aliinua mkono. Mwingine akaunga mkono. Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, iliyopauka na yenye nyufa. Redio alikuwa wa mwisho, akaupandisha nusu. Mkono mmoja tu haukupanda.

"Mama mwenyekiti wa zamani?"

Shangazi alikuwa ameinama, anaziangalia kucha zake. Alipoongea, hakuongea na meza. Alimgeukia Katibu.

"Hebu niambie, mwanangu. Ni mimi niliyesema?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa mdomo wangu?"

Sauti yake Katibu ilikuwa ndogo. "Ndiyo, shangazi."

Shangazi alitikisa kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa inatembea, inayapima yale maneno.

"Ni ya kwangu," alisema mwishowe. "Hivyo ndivyo ninavyosema. Hakuna mwingine anayesema hivyo." Aliipapasa nyonga yake. "Mimi nimekumbuka siku zote kwamba tulikataa. Naiona kabisa siku ya askari. Kumbe nilishakubali mwenyewe kabla. Uzee ni kitu kibaya."

"Shangazi, keti," Katibu alisema, maana alikuwa ameanza kuinuka.

"Niache." Alijiinua kwa kulishikilia benchi alilokalia, nyonga ikatoa mlio, akasimama mbele ya meza ya mwalimu. "Mheshimiwa, nimekusema vibaya miaka kumi na minne. Msibani nimekusema, kwenye arusi za watu nimekusema. Nimekuita mwizi mbele ya watoto wako. Naomba radhi."

Katika darasa lile hakukuwa na mtu aliyependa kutazama. Hata yule mwenye mgongo alikuwa anasoma namba ukutani.

"Hakuna tatizo, mama," Bwana Utaratibu alisema. Alimpa ncha za vidole, Shangazi akazishika kwa mikono yote miwili na kuinama. "Binadamu husahau. Ndiyo maana tunaandika." Kisha, kwa upole ule ule, "Katibu, liingie kwenye muhtasari wa leo."

Katibu alikaa. Alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaandika kwamba muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa na kuthibitishwa na wajumbe wote. Aliandika kwamba mwenyekiti mstaafu aliomba radhi kwa kumsingizia afisa wa mtaa, na kwamba radhi yake ilipokelewa. Nyuma yake wanawake walikuwa wanajadili nani atakaa kwenye bomba lipi. Mmoja alikuwa ameshapendekeza Katibu aendelee kuwa katibu, na wengine walikuwa wanapiga makofi.

Shangazi alikuja kumwegemea begani, akalitazama daftari asilojua kulisoma.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Katibu akamsomea. Shangazi alisikiliza amefumba macho, mkono wake uliopakwa mafuta umetulia kwenye shingo ya mpwa wake.

"Soma tena," alisema. "Polepole, mwanangu, nisije nikasahau."